Bomba Nililoambiwa Nisilizibe

Padri wetu aliniambia kwamba nikiandika habari za ugonjwa wangu nianze kwa kumshukuru Mungu. Nimeshamshukuru, tena kwa misa na majogoo wawili. Hapa nitaanza na hasira, kwa sababu hasira ndiyo iliyonishikisha kalamu. Wapo mafundi seremala, kuanzia hapa Mbinga hadi kule chini ziwani, ambao leo wanakohoa. Wake zao wanawatazama kwa jicho la pembeni na majirani wameshaanza kukadiria urefu wa jeneza. Nawaandikia hao. Mimi nilikohoa misimu miwili ya kahawa, nikadungwa sindano za ugonjwa ambao sikuwa nao, na katika muda wote huo dawa yangu ilikuwa jikoni kwa mama mkubwa, imefunikwa juu ya chungu.

Ilikuwa enzi za ruksa. Wanunuzi binafsi wa kahawa walianza kupanda kwetu na malori yao, na malori hayo hayakupanda matupu. Yalipanda na mitumba na kushuka na kahawa. Nguo, baiskeli, redio zisizo na vifuniko, majokofu yasiyo na milango, vyote vilimwagwa pale sokoni na watu wakavigombea. Mimi nilikuwa na miaka ishirini ya kusukuma msumeno wa mkono na randa. Nilijua mti kwa harufu yake, lakini mashine nilikuwa naziona kwa mbali tu.

Siku niliyoiona ile mashine sikula mchana. Ilikuwa na meza ya mbao, nyuma ya meza nguzo ya chuma, na juu ya nguzo mkono mrefu wa chuma ulionyooka mbele. Kwenye mkono huo ilining'inia mota yenye msumeno wa duara. Unaweka ubao mezani, unashika mpini, unaivuta mota ije kwako, na ubao umekwisha kukatika. Ukiigeuza mota upande, unapasua mbao kwa urefu. Baadaye watu waliiita Korongo, kwa jinsi ile shingo yake ya chuma ilivyoinama juu ya meza.

Mfanyabiashara alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye jibu kwa kila swali. Siku hizi nikikutana na mtu mwenye jibu kwa kila swali, naondoka.

"Fundi, hii imetoka Ulaya moja kwa moja," alisema. "Mzungu mwenyewe amekufa kwa uzee, siyo kwa ajali. Hesabu vidole vya mashine, vyote vipo."

Nikaona kwenye kifuniko cha msumeno kuna bomba fupi la chuma, limepinda kama mdomo wa birika. Nikauliza la nini.

"Hilo ni la kupumulia mota. Sikiliza vizuri, fundi: usilizibe hata siku moja. Ukiliziba mota itakosa pumzi, itaungua, halafu usinitafute."

"Na huu mfuko?" Ulikuwa mfuko wa kitambaa kizito cha kijivu, mdomoni una pete ya chuma, chini una zipu.

"Huo nakupa zawadi. Tia misumari yako."

Nikashukuru! Nilitoa kahawa ya msimu mzima, nikabebeshwa chuma cha mtu aliyekufa, nikaambiwa uongo mara mbili ndani ya dakika moja, na nikamshika mkono kwa mikono yote miwili kumshukuru. Hadi leo nikikumbuka shukrani ile masikio yananiwaka moto.

Mfuko wenyewe haukufika hata karakana. Mama mkubwa, mke wa Baba mkubwa Eusebi, aliuona mabegani kwangu nikipita nyumbani kwao, akaupapasa, akauvuta huku na huku. "Mwanangu, misumari gani inavaa kitambaa kizuri namna hii?" Aliufua kwa sabuni na majivu, akauchemsha mara tatu, akaupachika kwenye chungu. Ile pete ya chuma ilikaa mdomoni mwa chungu kama imepimwa. Kuanzia siku hiyo togwa ya nyumba ile ikawa laini kuliko togwa yoyote kijijini kwetu, na wanawake walikuja kuangalia chujio la Ulaya.

Karakana nilipanga mjini, chumba kimoja ubavuni mwa mashine ya kusaga, kwa sababu mwenye mashine alikuwa na jenereta na alikubali kunigawia umeme. Chumba kilikuwa na dirisha moja. Nikaliziba kwa bati. Niliogopa wezi kidogo, na macho ya mafundi wenzangu sana. Sikutaka mtu aone jinsi ninavyoiendesha. Kosa hili ni langu mwenyewe na simsingizii mtu.

Kazi ilikuja kama mvua za Januari. Milango, fremu, meza za kuanikia kahawa, mabenchi ya kanisa, mabenchi ya zahanati. Mninga ulitoka pande za Liparamba, mvule ulitoka mabondeni kuelekea ziwani. Kila nilipoivuta Korongo, lile bomba lilitema unga wa mbao moja kwa moja usoni pangu, mwekundu kwa mninga na wa kahawia kwa mvule. Nililiacha liteme, maana niliambiwa mota ipumue. Jioni nilitoka pale nimepakwa rangi, watoto wananicheka njiani, nami nacheka nao. Unga ule niliuona kuwa ni utajiri.

Macho ndiyo yaliyoanza kuwasha. Halafu chafya, kumi na tano, ishirini kwa mfululizo. Mikahawa ilipotoa maua nilikuwa nakohoa asubuhi tu. Kahawa ilipoiva nilikuwa nakohoa wakati wote, na kifua kikawa kinabana kana kwamba mtu amenifunga mkanda mbavuni na anaendelea kuukaza. Ule mkanda wangu wa suruali, kinyume chake, ulizidi kulegea. Niliutoboa tundu jipya kwa keekee, mwezi uliofuata jingine, kisha la tatu. Kwaya nilikuwa naimba besi. Sauti ikapotea, ikabaki filimbi inayolia yenyewe kifuani hata nikinyamaza. Mlima wa kwenda nyumbani, ambao nilikuwa naupanda na ubao begani, sasa niliupanda kwa kusimama kwenye kila mgomba.

Nilikwenda zahanati moja, jina lake naliacha. Nilikaa tangu alfajiri hadi saa sita mchana kwenye benchi nililolitengeneza mwenyewe. Nililitambua kwa fundo la mti lililokuwa pembeni. Mganga aliyenihudumia alinitazama mashavu, akanitazama shingo, hakuinua hata kipimo cha kifua.

"TB," alisema. "Au ile nyingine. Tuanze na TB."

"Hamnipimi makohozi?"

"Mzee, foleni unaiona."

Nilikuwa na miaka arobaini na moja. Nilidungwa sindano kila siku, matako yakawa magumu kama ubao wa mvule, sikio moja likaanza kuvuma, na asubuhi nilikunywa vidonge vilivyobadilisha mkojo rangi. Miezi miwili nilikalia lile benchi, na nilipoinuka niliacha unga wa mninga palepale nilipokaa, kwa sababu nilikuwa natoka kazini na kurudi kazini. Muuguzi alilifuta benchi kwa kitambaa, akanigombeza kwa uchafu. Mtu anafuta unga wa mbao chini ya mgonjwa wa kifua, kila siku, na hamuulizi anafanya kazi gani! Nimesamehe mengi, hili bado.

Lakini sindano hazikuniuma kama kikombe.

Kwetu Wamatengo wanaume wa ukoo hula pamoja nyumbani kwa mkubwa wao. Kila jiko linaleta chakula chake, na hapohapo mambo ya ukoo yanazungumzwa. Tunaita sengu. Siku hizi nyumba nyingi zimeacha, lakini Baba mkubwa Eusebi hakuacha. Sisi tuliketi kwenye mkeka mmoja, tukamega ugali mmoja, na togwa ikazunguka kwa kata moja tangu nilipokuwa mvulana. Jioni moja nikanyoosha mkono kuipokea kata, ikanipita. Ikaenda kwa mdogo wangu. Mbele yangu kikawekwa kikombe cha bati cha bluu, mkono wake umefungwa kamba ya katani ili kisichanganyike na vingine.

"Ni kwa ajili ya afya," alisema Baba mkubwa bila kunitazama. "Ya kwako na ya kwetu."

Walisogea wote. Nilibaki upande wangu wa mkeka peke yangu, kana kwamba ninanuka. Hakuna aliyetamka jina la ugonjwa, lakini niliona wanavyoyatazama matundu ya mkanda wangu. Mama mkubwa alikuja kunimiminia yeye mwenyewe. "Kunywa, mwanangu. Nimeichuja mara mbili kwa ajili yako, haina machicha, haitakukwaruza koo." Siku zile ile togwa laini ndiyo huruma pekee niliyoipata nje ya nyumba yangu. Nilikunywa machozi yananilengalenga.

Mke wangu Winifrida ni mtu wa Kihagara, kule ziwani. Habari zilifika kwao haraka. Kaka yake, shemeji yangu Fideli, alipanda kuja kumchukua.

"Dada, jiandae twende," alimwambia mbele yangu. "Shemeji atatusamehe. Una watoto wa kulea."

Winifrida alikuwa anapepeta mahindi. Hakusimama. "Nitakwenda," alisema. "Lakini nakwenda naye. Kama nyumba yenu ina nafasi ya mmoja tu, basi rudi peke yako."

Fideli alitubeba sote, pamoja na watoto. Tulikaa Kihagara wiki tatu, na hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanza kujisema wenyewe. Wiki ya kwanza ile filimbi kifuani ilinyamaza. Wiki ya pili nilikula ugali na dagaa nikaomba kuongezewa. Wiki ya tatu nilichukua tezo ya Fideli, nikakaa nje ufukweni, nikachonga makasia mawili ya mtumbwi na sikukohoa hata mara moja. Fideli alinikabidhi mwanawe mdogo nimpakate, na hiyo ilikuwa njia yake ya kusema kwamba amekosa.

Tuliporudi nyumbani nimenenepa mashavu, sengu ilikaa na kutoa hukumu: nilikuwa nimerogwa. Mwenye mashine ya kusaga ndiye aliyenitupia, kwa wivu. Ushahidi wao ni kwamba nikiwa mbali na pale mjini napona. Wazee wazima walikuwa wameshalishika jibu kwa mkia, wakaliachia! Walitaka kuleta mtaalamu aje azindike karakana. Mimi nilikataa, nikaenda kuwasha Korongo, kwa sababu wateja walikuwa wameningoja. Kikombe cha bluu hakikuondolewa.

Siku ya pili kifua kilibana tena.

"Baba Otmari," mke wangu aliniambia, na mikono yake ilikuwa kiunoni, "hicho kifua chako kina ratiba. Jumapili unaongea vizuri. Jumatatu asubuhi unainuka kitandani mwenyewe na kukunja shuka. Jumatano huwezi kufunga kiatu. Uchawi gani huo unaopumzika Jumapili?"

Alinipeleka kwenye hospitali ya misheni siku iliyofuata. Tulisubiri ukumbini kuanzia asubuhi hadi jua likageukia madirisha ya upande wa pili. Mtu mmoja aliyekaa jirani aliniuliza kama nimechoka, akanikunjia koti lake niegemee. Simjui jina, na nikisali namtaja kama mwenye koti. Hatimaye nikaitwa. Daktari alikuwa mwanamke, kijana kuliko nilivyotarajia. Alinisikiliza mgongo kwa muda mrefu, akavua vile vipimo masikioni.

"Unafanya kazi gani, baba?"

Niligeuka nikamtazama Winifrida. Misimu miwili, sindano zile zote, hakuna aliyewahi kuuliza. Winifrida akajibu kwa niaba yangu.

Makohozi yalipimwa, yakawa safi. Nilipulizishwa hewa kwenye kifaa, nikavutishwa dawa, nikapulizishwa tena, na tofauti ikaonekana. Daktari hakuzunguka. Ni pumu, alisema, na inaletwa na unga wa mbao, hasa ule wa mvule. "Ukiondoka kwenye vumbi utaishi nayo. Ukiendelea kulivuta hivi, itafika mahali mapafu hayatarudi hata ukienda kukaa ziwani. Ama uliondoe vumbi, ama uache kazi."

Niache kazi! Sijui kazi nyingine. Nilikaa nje ya dirisha la dawa nikiwaza kwamba nimeambiwa nichague kati ya pumzi na watoto kula, na ndipo nilipoisikia. Ng'ambo ya uwanja, sauti ya mota ikivutwa, ikikata, ikirudishwa. Sauti ile ningeitambua hata kaburini. Niliinuka nikaifuata, Winifrida nyuma yangu ananiita.

Ilikuwa karakana ya misheni, na ndani yake Korongo mwingine, pacha wa wangu. Mwalimu wa ufundi alikuwa akikata mninga. Sakafu ilikuwa safi. Kwenye lile bomba lililopinda kama mdomo wa birika kulining'inia mfuko wa kijivu, na kila alipovuta mota ulijaa ukatuna kama tumbo la mtoto aliyeshiba. Alipomaliza alifungua zipu, akamwaga unga kwenye debe.

"Huo mfuko," nilisema, nikihema. "Huo ni wa nini?"

Alinishangaa. "Wa kukusanyia vumbi, fundi. Bila huo utakufa. Una mashine kama hii? Wa kwako uko wapi?"

"Tunachujia togwa."

Mwalimu alicheka mpaka akashika meza. Winifrida naye akacheka, halafu akaacha ghafla, akalia. Mimi sikucheka. Leo bado sicheki.

Tuliposhuka kwenye basi Mbinga nilikwenda moja kwa moja sokoni. Yule mfanyabiashara alikuwa palepale, anamuuzia mtu cherehani. Nilimwambia yote mbele ya mteja wake: bomba, mfuko, sindano, kikombe. Alinisikiliza akitikisa kichwa kwa huruma kabisa.

"Pole sana, fundi. Lakini mimi si mwalimu wa mashine. Nauza kama zilivyokuja."

"Ulijuaje basi kuwa bomba ni la kupumulia mota?"

"Uliniuliza. Mteja akiuliza lazima ajibiwe."

Nilimgeukia mwenye cherehani nikamwambia, "Kaka, muulize kila kipande, halafu kamuulize mtu mwingine." Hilo ndilo nililoliweza. Ndilo ninalokuambia na wewe unayesoma: kitu cha mtumba kinakuja bila mwenyewe wa kukueleza, na anayekiuza anajua bei tu. Na ukiingia kwa mganga yeyote, hata kama hajakuuliza, anza wewe. Mwambie kazi yako kabla hujamwambia maumivu yako.

Kutoka sokoni nilipanda hadi jikoni kwa mama mkubwa. Mfuko ulikuwa juu ya chungu, unachuruzika.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuchukua mfuko wangu."

Alisimama, akaufunika kwa kiganja. "Ni kwa sababu ya kikombe? Kikombe kile si mimi niliyekifunga kamba, mwanangu."

"Najua."

Nikamweleza taratibu. Alisikiliza, akaketi kwenye kigoda, na mikono yake yenye unga wa ulezi ikabaki hewani. "Kwa hiyo miezi yote ile," alisema, "nilipokuwa nasema nakutengenezea kitu laini..." Aliuvua mwenyewe, akaukamua, akaufua na kuuanika, akakaa chini ya kamba akiulinda na mvua hadi ukakauka.

Ulikaa kwenye bomba kama ulivyokaa kwenye chungu. Nilibandua bati dirishani, mafundi wenzangu wakaja kuona, nami nikawaonyesha. Sitawadanganya: mfuko haukamati vumbi lote. Baadaye niliihamishia Korongo kwenye banda lisilo na ukuta, nafunga kitambaa chenye maji puani, mvule siukati tena hata kwa askofu. Baridi ya Juni ikiingia natembea na vidonge mfukoni. Besi imerudi nusu. Mkanda umerudi tundu la pili, hayo mengine nimeyaacha yakae.

Mwezi mmoja baadaye, Jumapili, nilikwenda sengu; habari za mfuko walikuwa wameshazisikia kwa mama mkubwa. Nilikaa upande wangu uleule. Kikombe cha bluu kikaletwa kwa mazoea. Nilikishika, nikaikata ile kamba kwa kisu cha kazi, nikakiweka kifudifudi mbele ya Baba mkubwa Eusebi. Mdogo wangu alitazama chini. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, tangu hospitali nilikuwa nayapanga, na yote yalikuwa makali.

Baba mkubwa alikitazama kikombe, akanitazama. Hakuomba radhi, hakuna aliyeniomba radhi hadi ninapoandika. Alisogea kwenye mkeka, akaacha nafasi ubavuni kwake. Nikahamia. Kata ikaja ikizunguka, ikafika kwake, akanywa, akanipa mimi bila kuifuta mdomo.

Togwa ilikuwa imejaa machicha. Ilinikwaruza koo njia nzima, nami nikaimaliza.